Tusiziite Shetani Picha Tusizoweza Kuzisoma

Kuna picha ambazo karibu kila mkazi wa Meru au Embu aliyepata kununua misumari, sukari au kitambaa katika duka la Mhindi ameziona, lakini ni wachache waliowahi kuzitazama. Hutundikwa nyuma ya kaunta, juu ya sanduku la pesa, mara nyingi zikiwa kwenye kalenda: mwanamke aliyesimama juu ya yungiyungi huku sarafu zikimwagika kutoka kiganjani mwake; mtoto mnene mwenye kichwa cha ndovu; kijana wa rangi ya samawati akipuliza filimbi. Mteja huuliza bei, hupokea chenji yake, huyoo akaenda zake. Siku mtoto wake atakapomwuliza yule mwenye mikono minne ni nani, jibu huwa fupi nalo huwa tayari: ni sanamu, au ni mungu wa Wahindi, au, katika nyumba zenye hofu zaidi, ni shetani.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na maneno haya matatu, sanamu, mungu na shetani, hayangenishughulisha hivi lau yangebaki majumbani. Yameingia madarasani. Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili ya Kaunti ya Embu, alipeleka darasani picha ya Saraswati ili vijana wa kidato cha pili waitazame na kuandika insha ya maelezo. Kipindi hakikwisha kabla picha haijachanwa. Jioni ile mwalimu akaitwa ofisini aeleze ni kwa nini anawaletea watoto wa watu mambo ya kuabudu shetani. Hakuachishwa kazi, lakini alionywa, na tangu siku hiyo wanafunzi wake huandika insha za maelezo kuhusu siku ya soko. Kwa anayemjua Saraswati, kisa hiki hakikosi kichekesho chenye uchungu. Kwa Wahindu, huyo ndiye mlezi wa elimu, ufasaha wa lugha na muziki. Mkono mmoja umeshika kitabu, mwingine tasbihi, na miwili iliyosalia inapiga ala ya nyuzi iitwayo vina. Wanafunzi wa Kihindu humwekea vitabu vyao mbele yake siku ya sikukuu yake wakiomba akili ifunguke. Basi tumefukuza shuleni picha ya kitabu.

Hofu hii haikuzuka jana. Mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza madai ya kuabudu shetani nchini, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Nyeri, na ripoti yake ikaja kutolewa hadharani mwaka wa 1999. Siandiki haya ili kuifufua kesi ile. Ninachokumbusha ni kwamba miaka hiyo ilitufundisha Wakenya kuwinda alama. Nyoka aliyechorwa ukutani, fuvu, pembe, jicho moja: kila kimoja kilitosha kuzua uvumi wa kutikisa shule nzima. Sasa mchukue mtu aliyelelewa katika uwindaji huo umwonyeshe Shiva aliyevishwa swila shingoni, au Kali mwenye shada la mafuvu. Kabla hajauliza lolote, ameshahukumu.

Turudi kwenye maneno, maana huko ndiko hukumu hutayarishwa. Sanamu ni neno la Kiarabu, na kwao maana yake ni kinyago kinachoabudiwa. Kiswahili kililipokea kikalipanua: kwa wazee wa pwani sanamu ilikuwa kinyago, na pia ilikuwa picha ya kawaida kitabuni. Mtoto aliweza kuambiwa atazame sanamu za kitabu chake bila mtu kushtuka. Kisha neno picha likaja kutoka Kiingereza na kuchukua maana ile nyepesi, na sanamu ikabaki na mzigo wake mzito, hasa kwa Mkristo anayelikuta katika amri ya Kutoka sura ya 20 inayokataza vitu vya kuchongwa. Leo anayesema "picha ya Ganesha" na anayesema "sanamu ya Ganesha" wanaweza kuwa wanaonyesha karatasi ile ile. Mmoja amekwisha kuifanya dhambi, mwingine bado. Wahindu wenyewe huita umbo hilo murti, neno ambalo kimsingi lina maana ya kitu kilichopata umbo. Huyu wao hasemi kwamba karatasi ndiyo Mungu. Anasema kisicho na umbo kimekubali kuonekana.

Neno mungu nalo lina hila yake. Katika maandishi tunatenganisha Mungu na mungu kwa herufi kubwa, lakini herufi kubwa haisikiki mdomoni. Likitiwa katika wingi huwa miungu, na hapo linavaa kiambishi cha miti, mito na mikuki, kana kwamba sarufi yenyewe inakataa kuamini kwamba wingi huo ni wa kitu chenye uhai. Anayesema "miungu ya Wahindi" amekwisha kusema mengi kuliko alivyokusudia. Wapo Wahindu wengi watakaokueleza kwamba maumbo yote hayo ni nyuso za ukweli mmoja, Brahman, usioweza kuchorwa. Tunaweza kutokubaliana nao, lakini kwanza tuwaelewe wanachosema.

Na ni nani angepaswa kuelewa upesi kuliko sisi wa mlimani? Wameru humwita Mungu Murungu, jina lililo ndugu wa Mungu wa Kiswahili na Mulungu wa lugha nyingine nyingi za Kibantu. Waembu na Wambeere husema Ngai, jina ambalo wanaisimu hulihusisha na Enkai ya Wamaasai. Na katika Kimaasai neno hilo ni la jinsia ya kike, nalo hutaja pia mvua na mbingu. Wamishenari walipofika, waanglikana Kigari mwaka wa 1910, Wakonsolata kutoka Turin wakaingia Meru mwaka uliofuata, na Wamethodisti baadaye kidogo Kaaga, walikubali majina hayo mawili yaingie kanisani na kwenye Biblia. Lakini si kila neno lilipata bahati hiyo. Nkoma wa Kimeru, ngoma kwa majirani zao, walikuwa roho za wazee waliotutangulia, waliomwagiwa pombe na kuombwa radhi. Katika mahubiri na tafsiri, wazee hao hao wakageuzwa pepo wachafu. Leo mtoto wa Imenti akisikia nkoma hamfikirii babu wa babu yake. Anafikiria moto wa jehanamu. Hakuna aliyefanya utafiti akathibitisha kwamba babu amekuwa shetani. Neno liligeuzwa, na babu akageuka nalo.

Ndiyo sababu naona ajabu kuona wajukuu wa wazee wale wakimtendea Mhindi tendo lile lile walilotendewa wao. Wala si sisi wa kwanza duniani. Katika Kisanskriti cha India mungu huitwa deva. Katika lugha ya kale ya Uajemi, ambayo ni ndugu wa damu wa Kisanskriti, neno hilo hilo, daeva, ni pepo mwovu wa kupigwa vita. Jamaa wawili waliachana njiani, na kila mmoja akaondoka na neno moja: huku ni la kusujudiwa, kule ni la kulaaniwa. Wapo wanaodhani kwamba deva ndiyo asili ya "devil" ya Waingereza. Si kweli, hilo lilitoka Kigiriki na maana yake ya kwanza ni msingiziaji. Jamaa halisi wa deva huko Ulaya ni "Deus" ya Kilatini. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka wa 1965, misa katika parokia za Meru zilisomwa kwa Kilatini, na bibi zetu wakaimba neno hilo kwa moyo mkunjufu bila kujua kwamba ni binamu wa neno la kwenye kalenda ya duka.

Sasa picha zenyewe. Asili yake ni ndefu na haina mwanzo mmoja, lakini tawi moja ningependa kila mwalimu wa sanaa alijue. Katika karne ya 19, kandokando ya hekalu la Kali huko Kalighat, katika jiji la Calcutta ambalo siku hizi huitwa Kolkata, walikusanyika wachoraji waliotoka vijijini Bengal wakaanza kuwauzia mahujaji picha za rangi za maji. Walitumia karatasi nyepesi ya kiwandani. Mchoraji alivuta mstari mmoja mrefu wa brashi, bila kusita, ukazunguka shavu, bega na mkono. Kisha akatia rangi iliyokolea ukingoni na kufifia katikati, mwili ukaonekana wa mviringo. Nyuma ya umbo hapakuwa na kitu: hakuna mti, hakuna nyumba, karatasi tupu. Mara nyingi kazi iligawanywa nyumbani, huyu akichora mstari na yule akijaza rangi, na picha ikauzwa kwa paisa chache, sarafu ambayo jina lake ndilo hili letu la pesa. Hujaji maskini aliweza kurudi kwao na Durga, Ganesha au Kali amemkunja kwapani.

Wachoraji hao hawakuwa wachaji wa kufumba macho. Walichora pia wanaume wa mjini waliojipodoa na kuwapigia magoti makahaba. Mwaka wa 1873 kuhani mmoja wa Tarakeshwar alipohusishwa na mke wa mtu, na mume akamwua mkewe, kisa chote kilichorwa hatua kwa hatua na kuuzwa pale pale mlangoni pa hekalu. Picha yao ninayoipenda kuliko zote ni ya paka. Usoni amechorwa alama ya mtawa mcha Mungu, na mdomoni amebana samaki, ilhali mtawa wa namna ile ameapa kutokula nyama. Ni nani katika Kenya ya leo, nchi ya manabii wenye magari ya fahari, anayehitaji kutafsiriwa paka huyo? Picha alizokusanya John Lockwood Kipling akiwa India zilitolewa na mwanawe, mwandishi Rudyard Kipling, kwa jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London mwaka wa 1917, na leo jumba hilo lina zaidi ya 600 za aina hiyo.

Kilichowaua wachoraji wa Kalighat hakikuwa dini nyingine bali mashine. Picha za kuchapwa kwa mawe, nyingine zikitoka Ujerumani, zilianza kuuzwa rahisi kuliko kazi ya mkono. Mwaka wa 1894 mchoraji mashuhuri Raja Ravi Varma alifungua kiwanda chake cha uchapaji Bombay, na Lakshmi na Saraswati wake, wenye nyuso za wanawake wa kawaida na sari za kweli, wakaenea India nzima. Kufikia miaka ya 1930 brashi za Kalighat zilikuwa zimenyamaza. Baadaye mji wa Sivakasi, kusini mwa India, ukawa chimbuko la kalenda zisizo na idadi. Sidai kwamba picha ya Kalighat iliwahi kupanda lori hadi Meru. Iliyopanda ni kitukuu chake: kalenda iliyobandikwa jina la mwenye duka.

Nikiwafundisha walimu namna ya kusoma kitukuu hicho, nawaomba wafikirie kitenzi cha Kiswahili. Tazama neno "hatutawasomesha". Mzizi wake ni -som-. Kuuzunguka pana viambishi sita, na kila kimoja kina kazi: kimoja kinakanusha, kimoja kinataja mtenda, kimoja wakati, kimoja mtendwa, kimoja kinasababisha, kimoja kinafunga. Mgeni asiyejua lugha huona urefu wa kutisha. Sisi huona sentensi nzima. Mikono ya picha hizi ni viambishi. Mwili ni mzizi. Mkono wenye yungiyungi unaongeza maana, wenye mkuki wa ncha tatu unaongeza nyingine, na ule ulioinuliwa kiganja mbele unasema usiogope. Hata mnyama aliye miguuni ana kazi: tausi, simba, batamaji, na panya mdogo anayembeba Ganesha mzito. Mtoto wa kando ya Msitu wa Imenti anamjua ndovu kwa shamba la mahindi lililokanyagwa usiku mmoja; mwambie kwamba watu fulani walimchagua mnyama huyo huyo, anayeangusha kila kizuizi, awe mfungua njia wa kila safari na kila biashara, uone kama hataelewa.

Na sisi tulikuwa na mkono wetu. Padre Bernardo Bernardi, Mkonsolata aliyeandika juu ya Mugwe wa Wameru katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1959, alieleza kwamba kiongozi huyo wa baraka aliufunika mkono wake wa kushoto chini ya vazi, watu wasiuone, kwa kuwa ndimo ulimokaa uwezo wa kubariki. Wahindu waliudhihirisha uwezo kwa kuongeza mikono. Wameru waliudhihirisha kwa kuuficha mmoja. Sijui mada bora zaidi ya mjadala kwa darasa la kidato cha tatu.

Haki inanidai niseme upande wa pili pia. Picha hizi hazikufika kwetu katika hekalu wala darasani. Zilifika dukani, na duka halikuwa mahali pa amani. Mwafrika alimwona Lakshmi akimwaga sarafu juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa akimdai. Aliyeuza ngozi au mahindi kwa bei aliyopangiwa, akarudi kununua chumvi kwa bei aliyopangiwa, hangeweza kumtazama mwanamke yule kwa jicho la mchambuzi wa sanaa. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 ilipowabana wafanyabiashara wasio raia, maduka mengi ya miji midogo yakabadilisha wenyewe, na kumbukumbu iliyobaki kwa wengi ni ya deni. Nao Wahindi wenyewe, lazima tuseme, hawakujishughulisha kueleza. Miaka nenda miaka rudi picha ikawa nyuma ya kaunta, mteja mbele yake, na baina yao mizani.

Lugha yetu nayo ilichanganya mambo. "Mhindi" kwetu ni mtu wa nchi, wa rangi na wa dini kwa mpigo mmoja. Lakini duka la Mwismailia lilikuwa na picha ya Aga Khan, la Mgoa lilikuwa na Bikira Maria, na la Kalasinga lilikuwa na Guru Nanak mwenye ndevu nyeupe, ambaye watu wengi humdhania kuwa mmoja wa miungu ilhali ni mwalimu wa dini isiyoabudu picha kamwe. Wengi wa wenye maduka kutoka Gujarat walikuwa Wajaini, ambao si Wahindu ingawa huadhimisha Diwali na kubariki vitabu vyao vya hesabu. Kiswahili cha pwani kilikuwa na neno Banyani kwa mfanyabiashara wa Kihindu, na methali yake bado tunayo: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Hata neno hilo, katika Kigujarati, lilikuwa jina la kazi kabla hatujalifanya jina la imani. Mwaka wa 2017 serikali iliwatambua Wakenya wa asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Ni vigumu kumtambua mtu kuwa ndugu huku mwanao akifundishwa kwamba sebuleni kwake mna shetani.

Najua watakaoniambia kwamba mzazi Mkristo ana haki ya kumlinda mwanawe. Anayo, na Katiba ya 2010 inailinda imani yake katika kifungu cha 32, kifungu kile kile kinachomlinda Mhindu. Lakini kusoma si kusujudu. Vizazi vya wanafunzi Wakristo wamesoma Utendi wa Mwana Kupona, utungo wa Kiislamu kutoka mwanzo hadi mwisho, na sijasikia wazazi waliokuja kuuchana. Isitoshe, nyumba hizo hizo zimetundika uso wa Yesu mwenye nywele za dhahabu nyeusi zilizochanwa vizuri, uliochorwa na Warner Sallman wa Chicago mwaka wa 1940 na kuchapwa mamia ya mamilioni ya nakala. Hiyo nayo ni karatasi ya kiwandani, na hakuna anayeiita sanamu.

Sisi wenyewe tumechorwa pia. Kuanzia mwaka wa 1949 Joy Adamson, kwa kazi aliyopewa na serikali ya kikoloni, alizunguka Kenya akichora watu wa makabila mbalimbali, Wameru na Waembu wakiwemo, nyingi ya picha hizo kwa rangi za maji. Ziko Nairobi, katika hifadhi ya Makavazi ya Kitaifa, na nyingi zilitolewa katika kitabu cha mwaka wa 1967. Mna humo wazee waliovaa mapambo ya sherehe ambayo wajukuu wao hawawezi tena kuyataja kwa majina. Lau mgeni angesimama mbele ya mzee huyo aliyepakwa chokaa usoni akasema "huyu ni shetani", tungemwomba kwa hasira aulize kwanza.

Somo la Elimu ya Dini ya Kihindu lipo katika mtihani wa KCSE, nambari 315, jirani wa 313 ya Wakristo na 314 ya Waislamu. Sipendekezi kila shule ya Meru na Embu ianze kulifundisha, walimu hatuna. Ninachopendekeza ni kidogo zaidi. Mwalimu wa sanaa anayefundisha rangi za maji chini ya Mtaala wa Umilisi awape wanafunzi karatasi rahisi na brashi moja, wajaribu mstari wa Kalighat, wachore paka wao wenye samaki mdomoni. Mwalimu wa Kiswahili alete picha moja, akataze maneno sanamu, mungu na shetani kwa dakika arubaini, na aone insha itakuwaje wanafunzi wakilazimika kusema wanachokiona: mikono mingapi, imeshika nini, macho yanatazama wapi. Vyuo vya walimu, kuanzia Kigari penyewe, vinaweza kulijaribu zoezi hili muhula ujao bila kungoja waraka wa wizara.

Yule mwanafunzi wangu wa Embu amesema yuko tayari kulijaribu tena, safari hii baada ya kuzungumza na mwalimu mkuu na wazazi. Ameniuliza jambo moja tu la msamiati: katika maelezo yake kwa wazazi, amwite Saraswati mungu mke au mungu wa kike? Nimemjibu aandike jina lake, Saraswati, na mbele ya jina hilo aandike yaliyomo mikononi mwake, akianza na kitabu.